Kulivisha gitaa rangi katika nchi ya sandarusi

*Boksi la gitaa la kujiungia huja na kila kitu isipokuwa rangi. Maneromango, hatua hiyo ya mwisho inaamsha ubishi kuhusu vanishi, mvua na mali iliyochimbwa Uzaramo karne moja na nusu iliyopita.*

Mwezi wa Aprili, mafundi seremala wa Maneromango, wilayani Kisarawe, hufanya kazi jicho moja likiwa mawinguni. Kitanda kilichopakwa vanishi asubuhi huwekwa barazani kikauke, na wingu likianza kukusanyika hubebwa juujuu kurudishwa ndani kabla tone la kwanza halijagonga bati. Kikichelewa kitapata madoa. Fundi atakipiga msasa kesho yake, atakipaka upya, na mwenye kitanda hatajua lililotokea.

Sasa weka gitaa la umeme mahali pa kitanda hicho. Mwili wake ni ubao wa unene wa sentimita nne na nusu hivi, uliochongwa kiuno pande mbili na kutobolewa mashimo ya kufichia nyaya. Hauna godoro la kufunika kosa. Ukiupulizia laki ya nitroselulosi jioni ya masika, uso wote unaweza kugeuka mweupe kama uliomwagiwa maziwa kabla hujaweka bomba chini. Thina huruka upesi, huupoza ubao, na unyevu wa hewani hunaswa ndani ya laki ikiwa bado mbichi.

Hapo ndipo gitaa la kwanza la kujiungia nyumbani linapokwama. Magitaa haya huuzwa yakiwa vipande ndani ya boksi, mengi yakitoka China: mwili, shingo, daraja, funguo za kukazia nyuzi, swichi, nyaya, na zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba ambazo wanamuziki huziita pikapu. Maelezo ya kuunganisha yamo. Mbao zenyewe zinakuja tupu, zikiwa bado na michirizi ya mashine, na mnunuzi anaachiwa kazi ngumu kuliko zote.

Kuunganisha nyaya ni shughuli ya mchana mmoja kwa mtu aliyewahi kulehemu redio. Kuupiga mwili msasa, kuutia rangi, kuziba vitundu vya mbao, kuupaka, kuungoja na kuung'arisha ni shughuli ya wiki nyingi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: hatua hii ya mwisho ndiyo inayomfanya mnunuzi wa boksi awe mtengenezaji wa gitaa. Tena sioni mahali panapostahili kuimiliki hatua hiyo kuliko Uzaramo, nchi ambayo katika karne ya 19 ilitoa malighafi ya vanishi iliyosifiwa kuliko nyingi duniani.

> Boksi lina skrubu, nyaya na sumaku. Rangi haimo.

Gitaa lilikuwa mali ya ofisi

Ukifuata barabara ya Mlandizi kuja Maneromango unapita Mzenga. Huko ndiko alikozikwa Mbaraka Mwinshehe Mwaruka baada ya ajali ya gari iliyomuua Mombasa Januari 1979. Alikuwa mpiga solo wa Morogoro Jazz, bendi aliyokwenda nayo Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano mwaka 1973. Watu wa Kisarawe hawahitaji kuelezwa gitaa la umeme ni nini.

Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba wapigaji wengi wa dansi hawakuwa na magitaa yao wenyewe. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi: chama cha wafanyakazi katika NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964, shirika la maendeleo la jiji katika DDC Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978, jeshi, polisi, au tajiri wa ukumbi. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki stoo pamoja na spika.

Kwa hiyo kijana anayeunga gitaa lake barazani kwao anagusa jambo kubwa kuliko ufundi. Anakuwa na chombo ambacho hakuna katibu wala mkurugenzi atakayekidai. Kikiharibika anakifungua mwenyewe, maana anajua kila waya ulipopita.

Njia hiyo wengine waliipita wakiwa na vitu duni kuliko boksi la China. Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuja kuwa mpiga gitaa mkuu wa Kongo, alianzia utotoni kwa gitaa la bati na nyaya alilojitengenezea, mama yake akiuza maandazi sokoni Kinshasa. Huko Uingereza, Agosti 1963, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May alianza kutengeneza gitaa la umeme pamoja na baba yake. Shingo waliichonga kutoka mbao ya mahogani iliyozunguka jiko kuukuu la kuotea moto. Springi za daraja zilikuwa za pikipiki, na alama za kwenye shingo zilitoka kwenye vifungo vya mama yake. Kazi ilichukua kama miaka miwili. Gitaa hilo ndilo analopiga kwenye rekodi za Queen, bendi ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1946.

Watu huzikumbuka springi za pikipiki. Mimi huutazama zaidi uso wa gitaa lile, wekundu wake wa kahawia ulioingia mbaoni na vanishi nene ya plastiki juu yake. Baba na mwana walipaka wakasugua, wakapaka tena wakasugua tena, mpaka mbao ya jiko ikasahau ilikotoka.

Utomvu uliochimbwa kama viazi

Kabla ya kuingia kwenye ubishi wa leo, lazima tuchimbe kidogo.

Msandarusi ni mti wa misitu ya pwani yetu, na utomvu wake ni sandarusi. Ule unaoganda juu ya gome ni laini, uliitwa chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Uliotafutwa ni ule uliodondoka zamani za kale. Mti ulikufa ukaoza, utomvu ukabaki ardhini hadi ukawa mgumu kama mawe ya kahawia yenye kupitisha mwanga. Wazaramo waliuchimba katika vishimo vifupi, wakauteremsha pwani, na kutoka hapo ukavushwa hadi Zanzibar. Ukioshwa, uso wake ulionyesha vipele vidogo vidogo, na kwa vipele hivyo mnunuzi alijua ameletewa wa ardhini.

Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliandika kwa kirefu juu ya biashara hiyo. Katika miaka ya 1860 John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea katika ubalozi wa Uingereza Zanzibar, alichunguza na kuonyesha kuwa sandarusi ya ardhini na ya mtini zote zinatokana na mti wa aina moja.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha merikani na kurudi na pembe za ndovu na sandarusi. Salem kwenyewe kulikuwa na kiwanda cha kuiosha. Kisha iliyeyushwa kwa moto unaozidi nyuzi 300, ikachanganywa na mafuta ya kitani yaliyochemka, ikawa vanishi ngumu yenye kung'aa iliyopakwa kwenye magari ya farasi, samani na piano za matajiri.

Mwisho wake ulitokana na haraka. Vanishi hiyo ilichukua muda mrefu kukauka, na viwanda vya magari havikuwa na subira. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ilitoa laki ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, iliyopulizwa kwa bomba na kukauka upesi, na General Motors wakaichukua. Sandarusi ikakosa mnunuzi. Miongo michache baadaye Leo Fender, huko California, akaanza kuuza magitaa ya umeme ya ubao mzima. Telecaster yake ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, Stratocaster ni ya mwaka 1954, na alipotaka kuyatia rangi za kupendeza alinunua rangi za magari za DuPont.

Kwa maneno mengine, ile laki iliyoifukuza sandarusi kwenye magari ndiyo iliyokuja kuvishwa gitaa la umeme. Mzaramo anayenunua kopo la laki leo ananunua kilichochukua nafasi ya mali ya babu yake.

> Laki iliyoifukuza sandarusi kwenye magari ndiyo iliyokuja kuvishwa gitaa la umeme.

Mkono au bomba?

Ubishi wenyewe sasa. Upande mmoja wako watu wa bomba. Hawa hutazama gereji, wanaona kompresa, wanaona milango ya Corolla inayong'aa, na wanauliza kwa nini gitaa lisipuliziwe hapohapo. Wana hoja. Fender alifanya hivyohivyo, na uso uliopuliziwa na mtu anayejua hauna alama ya brashi hata moja. Rangi nzito isiyopitisha macho, nyeusi au nyekundu ya gari, hufunika pia mbao mbaya. Miili ya maboksi ya bei nafuu mara nyingi huunganishwa kwa vipande kadhaa vya mbao nyepesi, na viungo vyake huonekana.

Upande wa pili wako watu wa mkono. Wao wanataka kitambaa cha pamba, shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti, au vanishi ya mafuta iliyopunguzwa kwa thina na kupakwa nyembamba, tabaka juu ya tabaka. Hoja yao ni kwamba kosa la mkono hurekebishika. Shelaki mpya huyeyusha ya zamani na kushikana nayo. Doa likitokea, pitisha kitambaa chenye spiriti, anza upya. Hakuna umeme unaohitajika, wala kompresa, na mvua ikinyesha gitaa linaingizwa ndani kwa mkono mmoja.

Mimi niko upande wa mkono, kwa gitaa la kwanza. Sababu yangu kubwa ni hali ya hewa. Pwani hupata masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hata katikati hapo unyevu hautuachi. Shelaki nayo hupata ukungu hewa ikiwa nzito, lakini ukungu wake hutolewa kwa kitambaa na spiriti kidogo. Laki ya kupuliza inataka thina ya kuchelewesha, saa za mchana mkavu na mkono uliozoea. Tabaka likiwa nene hutiririka, likiwa jembamba hubaki na uso wa vumbi.

Hata hivyo watu wa bomba wana jibu ambalo siwezi kulipuuza. Shelaki haipendi jasho, na mpiga gitaa wa Pwani anatoka jasho. Pale mkono wa kulia unapoegemea, uso wa shelaki utalainika na kufubaa mapema kuliko laki au vanishi ya mafuta. Anayetaka kulibeba gitaa ukumbini kila wikiendi apake shelaki chini kama msingi, kisha vanishi ya mafuta juu, nyembamba, na ailaze wiki kadhaa kabla ya kuisugua. Ukiibonyeza kwa ukucha ikabaki alama, bado.

Msasa kabla ya yote

Kazi mbaya nyingi za rangi ni kazi mbaya za msasa. Rangi ya kupenyeza mbao haifichi mkwaruzo, inauchora. Michirizi iliyopita kinyume cha nyuzi za mbao, ambayo hukuiona ubao ukiwa mweupe, itajitokeza yote rangi ikiingia. Tone la gundi lililokauka halitapokea rangi kabisa, litabaki doa jeupe karibu na kiungo.

Anza na msasa namba 120, panda 180, kisha 220 au 240, daima ukifuata nyuzi. Pitisha kitambaa chenye maji, acha ubao ukauke, nyuzi zilizosimama zisugue taratibu. Ukiruka hatua hii rangi ya maji itazisimamisha baadaye. Wachongaji wa zamani walitumia majani ya mti wa msasa, yenye uso wa kukwaruza, na kwenye viuno vya gitaa, ambako karatasi ngumu huvunjika, bado yanafaa.

Halafu jaribu kwenye kipande cha ubao uleule. Ukikosa kipande, jaribu ndani ya shimo la pikapu, ambalo litafunikwa. Funika kwa gundi-karatasi mahali shingo inapokaa, kwa sababu tabaka la vanishi hapo linatosha kuinua shingo na kuharibu urefu wa nyuzi kutoka ubaoni. Mahali waya wa ardhi unapogusana na daraja pabaki pakavu pia, la sivyo gitaa litavuma mlio wa umeme wa nyumba usiokwisha.

Manjano, mzingefuri na chuma ndani ya siki

Hapa ndipo kazi inaponoga, na ndipo watu wa Pwani wana zaidi ya wanavyodhani.

Manjano ya jikoni huyeyuka katika spiriti na kutoa rangi ya dhahabu inayopenya mbao nyeupe vizuri. Mzingefuri hutoa rangi yake ya chungwa katika mafuta. Ukisugua manjano katikati ya mwili na rangi ya kahawia ukingoni, ukichanganya mpaka wake kwa kitambaa kilicholowa spiriti, unapata ule mchomozo wa jua ambao Fender aliupuliza kwenye Stratocaster za kwanza. Ni lazima niseme ukweli wote: manjano hufifia juani kwa kasi, na mzingefuri nao haudumu. Gitaa litakaloning'inizwa dirishani litakuwa limepauka kabla ya mwaka kwisha. Anayetaka rangi ya kudumu anunue ya dukani iliyotengenezwa kwa mbao.

Nyeusi ndiyo inayodumu. Loweka misumari au sufi ya chuma ndani ya siki kwa siku kadhaa hadi maji yageuke. Chemsha magome ya mkandaa, mkoko uleule ambao magome yake yalisafirishwa kutoka delta ya Rufiji enzi za Wajerumani kwa ajili ya kulainishia ngozi. Paka maji ya magome kwanza, yaache yakauke, kisha paka maji ya chuma. Tanini na chuma vikikutana ndani ya mbao, ubao huwa mweusi mbele ya macho yako. Weusi huo unatoka ndani ya nyuzi zenyewe, hivyo msasa mwepesi hauuondoi. Magome yatafutwe kwa aliyekata mkoko kwa kibali, maana mikoko yetu inalindwa kisheria, na kwa haki.

Kwa hili pia kuna ubishi, na ni wa heshima. Kwenye masoko ya vinyago, likiwemo la Mwenge, mbao nyepesi hupakwa Kiwi nyeusi ya viatu na kuuzwa kwa wageni kama mpingo. Baadhi ya mafundi kwa sababu hiyo huona kila rangi ya mbao ni udanganyifu: mninga ubaki mninga, mkangazi ubaki mkangazi, usoni pakae mafuta tu. Mimi natofautisha. Kumwambia mnunuzi kuwa paina ni mpingo ni wizi. Kuitia paina rangi nyeusi kwa sababu unaipenda ikiwa nyeusi ni haki ya mwenye gitaa.

Wazaramo wenyewe walijua uso wa mbao unavyokuzwa. Mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mwali, kilioshwa na kupakwa mafuta na msichana aliyekuwa akifundwa, akikitunza kama mtoto. Mng'ao wa vinyago vile ulitokana na mikono na mafuta kwa muda mrefu. Mafundi wa magitaa duniani leo hulipwa pesa nyingi kuiga uso wa namna hiyo.

Mti nao una neno

Si kila mbao hukubali kila kitu. Paina ya Sao Hill, iliyo rahisi kupatikana, hunywa rangi kwa madoa: sehemu laini hufyonza, sehemu ngumu hukataa. Dawa yake ni shelaki nyepesi sana kabla ya rangi. Mninga na mkangazi vina vitundu vilivyo wazi, na asiyevijaza kwanza kwa unga wa kuzibia atapata uso wenye vijishimo hata apake mara ngapi. Mkangazi ni wa ukoo mmoja na mahogani ya Amerika iliyotumika kwenye Gibson Les Paul ya mwaka 1952, na viwanda vingi leo hutumia jamii yake. Kwa gitaa la pili, la kuchonga mwenyewe kuanzia ubao, ningechagua huo.

Mtiki una mafuta, upanguse kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka. Mvule una kemikali zake zinazoweza kuchelewesha vanishi ya mafuta isikauke. Mpingo, mbao nzito inayozama majini, hauhitaji kitu: ubao wa shingo wa mpingo husuguliwa hadi ung'ae, hupanguswa mafuta kidogo, basi.

Kuhusu sauti nitasema kwa ufupi, kwa sababu watu wanagombana juu yake kuliko inavyostahili. Pikapu hunasa mtikisiko wa uzi wa chuma juu ya sumaku. Vanishi ya gitaa la umeme haibadilishi hilo kwa kiasi ambacho sikio la ukumbini litakitambua. Katika gitaa la kawaida lisilo la umeme, ambalo kifuniko chake chembamba ndicho kinachopiga sauti, unene wa vanishi ni suala zito. Kwenye gitaa la umeme paka kwa ajili ya mkono na jicho.

Pafu na moto

Rangi za magari za kuchanganya na kikaushio, zile za makopo mawili, zina kemikali za isosianeti zinazoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kitambaa puani hakisaidii chochote, hata barakoa ya vumbi haitoshi. Kiwandani wanaozipuliza huvaa vifaa vya kupelekewa hewa safi. Asiyekuwa navyo asizipulize, wala asikae karibu na anayepuliza. Hii ni sababu nyingine inayonifanya nimtetee mtu wa kitambaa na shelaki.

Naye mtu wa kitambaa ana hatari yake. Matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto yenyewe, na yanaweza kuwaka usiku watu wakiwa wamelala. Yaanikwe wazi nje, moja moja, au yazamishwe kwenye ndoo ya maji. Spiriti na thina zikae mbali na jiko la mkaa.

> Matambara ya mafuta ya kitani yaliyokunjwa yanaweza kuwaka yenyewe usiku.

Kinachoondoka bila kumaliziwa

Tanzania ni moja ya nchi mbili kubwa, pamoja na Msumbiji, zinazoupatia ulimwengu mpingo wa klarineti na zumari za Ulaya. Kilwa, mwaka 2009, misitu inayosimamiwa na wanavijiji ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika kwa misitu ya asili, na wanavijiji wakaanza kuona bei ya haki. Tangu Januari 2017 jamii yote ya mpingo imo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe, na mwishoni mwa mwaka 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vikapewa nafuu ya kuvuka mipaka bila vibali vya mkataba huo. Nafuu hiyo humfaidi anayemalizia chombo. Anayeuza gogo haimgusi.

Korosho ni hivyohivyo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na viwanda huyageuza kuwa malighafi ya vanishi na ya bitana za breki. Sehemu kubwa ya korosho yetu husafirishwa ikiwa ghafi, ganda likiwemo. Mikorosho ya Maneromango inazaa vanishi kila msimu na kuipakia melini.

Sandarusi nayo ilichimbwa hapa ikapikwa Ulaya na Marekani. Misandarusi ingalipo katika misitu ya pwani, ingawa misitu hiyo, Pugu na Kazimzumbwi ikiwemo, imeshambuliwa na mkaa kwa miaka mingi. Simshauri kijana yeyote ayeyushe sandarusi jikoni kwao. Moshi wake ni mkali, mafuta yanayochemka hushika moto, na viwanda vya zamani vya vanishi viliungua kwa sababu hiyohiyo. Ni kazi ya maabara.

Watu wa kuifanya wapo, tena karibu. Barabara inayotoka Makofia, Bagamoyo, hupita Mlandizi na Mzenga hadi Maneromango. Bagamoyo iko TaSUBa, taasisi ya sanaa inayofundisha muziki. Kibaha iko VETA, chuo cha ufundi stadi, yenye useremala. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wakemia. Mwanafunzi wa muziki anajua gitaa linavyopaswa kukaa mkononi, seremala anajua mninga unavyopigwa msasa, mkemia anajua kupima joto, na hadi leo meza ya kuwakutanisha haipo.

Kwa kuanzia, vipande vitatu vya mninga kutoka ubao mmoja vinatosha. Kimoja kipakwe shelaki kwa mkono, cha pili laki kwa bomba, cha tatu vanishi ya sandarusi iliyopikwa maabara. Vitundikwe barazani Maneromango mwanzoni mwa Machi, masika yote yapite juu yao, na mwezi wa Juni wapiga solo waje na mikono yao yenye jasho, wavikwaruze kwa kucha na kwa ncha ya uzi, waseme kipi kivalishwe gitaa.